Wanahesabu Sindano, Nani Anahesabu Miezi?

Bandugu wasomi, wiki hii naacha siasa na naacha bei ya kobalti. Nataka tusome pamoja aina moja ya maandishi ambayo wengi wetu tunayapokea kwenye simu, tunasoma muhtasari, tunamtumia mwingine na tunapita. Ni utafiti wa radiolojia ya tiba, yaani ile kazi ya kumtibu mtu kwa sindano, waya mwembamba na mrija, bila kumpasua, dokta akifuata njia kwenye picha ya ekografia, ya skana au ya eksirei. Makala moja hasa imezunguka kati ya wenzetu wa udaktari. Ilitoka mwaka 2019 katika jarida la Marekani la wataalamu wa fani hiyo, na inaeleza jinsi Tanzania ilivyoanza kufundisha madaktari wake wa kwanza wa kazi hii, pale Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwandishi wake wa kwanza ni Fabian Laage Gaupp, wakati ule akiwa Yale.

Ninaipenda makala hiyo. Naanza na kuisifu, juu kisha hapo nitakuwa na maneno.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, na mgonjwa aliyezibwa mfereji wa nyongo, au mwenye usaha ndani ya ini, alikuwa na njia mbili: apasuliwe, au kama ana franka apande ndege, mara nyingi kwenda India. Kuanzia Oktoba 2018 timu za kujitolea zikaanza kufika Muhimbili kwa zamu. Na hapa njo kuna kitu kizuri: kila timu haikuwa dokta peke yake. Ilikuwa dokta, muuguzi na fundi wa mashine, watatu pamoja, kila mmoja anamfundisha mwenzake wa pale. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili kikafungua shahada ya uzamili ya fani hiyo, ya miaka miwili. Wageni wakawa walimu, na wenyeji ndio walioshika sindano.

Sisi wa Katanga tunajua aina nyingine ya misheni. Wageni wanafika na makoti meupe, wanapasua watu wiki moja, wanapiga picha ya pamoja mbele ya bango, wanaondoka. Mgonjwa wa wiki inayofuata anakuta mlango na kufuli. Kwa hiyo mtu anayeandika kwamba muuguzi na fundi nao lazima wafundishwe, huyo ameelewa hospitali. Dokta anaweza kujua njia ya figo kama anavyojua njia ya nyumba yake, lakini kama hakuna anayejua waya gani umebaki kwenye kabati, na nani ataisafisha mashine, kazi haiendi. (Nasema hivi na ninaangalia shirika letu: kila mtoto aliyepata diplome anataka kuitwa dokta. Siku tutakapompongeza fundi wa radiografia aliyemaliza masomo yake kama tunavyopongeza wengine, mniite.)

Sasa maneno yangu.

Utafiti wa fani hii una kipimo chake inachokipenda. Kinaitwa mafanikio ya kiufundi. Maana yake: je, sindano ilifika pale ilipopaswa kufika, mrija ulikaa, usaha ulitoka? Kisha wanaongeza hesabu ya matatizo, damu, homa, kifo, na mara nyingi hesabu hiyo inafika siku ya 30 na kusimama. Makala ya mafunzo kama ile ya Muhimbili ina haki ya kuhesabu kazi, kwa sababu lengo lake ni kuonyesha kwamba watu wanafundishika na kazi inafanyika. Sigombani na hilo. Ninagombana na sisi wasomaji, na na wale wanaoandika baada yake, tunaochukua kipimo cha darasa na kukifanya kipimo cha dawa.

Nichukue kazi moja tu, ile ya kawaida kabisa: kuweka mrija kwenye figo kupitia mgongoni. Mwaka 1953 Sven Seldinger, Mswidi, alionyesha namna ya kupitisha waya ndani ya sindano, kutoa sindano, na kutelezesha mrija juu ya waya. Jambo dogo sana, na karibu fani nzima imekaa juu yake. Mwaka 1955 Willard Goodwin na wenzake, Marekani, wakaeleza kumtoboa mtu figo iliyovimba kwa sindano nene badala ya kumpasua. Leo dokta anaitazama figo kwa ekografia, anachoma, mkojo unatoka, anapitisha waya, anaweka mrija wa namba 8, yaani upana wa milimita 2.7 hivi, anaufunga na mfuko nje. Mgonjwa yuko macho, ngozi tu imetiwa ganzi. Kama kila kitu kiko tayari, haichukui saa moja. Mtu aliyekuwa anaelekea kufa kwa sumu ya mkojo kwenye damu, baada ya siku chache anakaa kitandani na anaomba bukari.

Nani anahitaji mrija huo kwetu? Zaidi ni wamama wenye kansere ya shingo ya kizazi. Inakua taratibu, inafika kwenye mifereji miwili ya mkojo, inaibana kama mtu anayekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Figo zinajaa, zinavimba, zinakufa. Huyu mama mara nyingi hajafika hospitali mapema kwa sababu hakuna aliyempima mapema. Anafika amechoka, amevimba miguu, kichefuchefu hakimwachi.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo jedwali halisemi. Mrija ule haukai milele. Chumvi za mkojo zinagandamana ndani yake, wadudu wanajenga nyumba. Kwa kawaida unatakiwa ubadilishwe kila baada ya miezi 3 hivi, na mara nyingine mapema zaidi. Kubadilisha mrija uliokaa mahali pake ni kazi ndogo kuliko kuuweka mara ya kwanza, kwa sababu njia ipo tayari. Lakini ukingoja mpaka uzibe kabisa au uchomoke, njia inajifunga haraka, na unaanza upya na mgonjwa dhaifu zaidi kuliko mwanzo.

Kwetu Kikula kulikuwa na mama mmoja aliyewekewa mrija kama huo katika hospitali moja mbali na hapa. Kazi ilifanywa vizuri, sina neno juu ya mikono ya dokta. Alirudi nyumbani anatembea. Mfuko aliufunga chini ya kitenge kwa kamba ya nguo, na mtu asiyejua hakuona kitu. Binti yake aliniambia, "Balisema turudi kisha miezi tatu. Turudi na nini?" Franka za kwanza zilitoka kwenye likelemba ya wamama wa kanisa, na likelemba ina zamu yake, huwezi kula mara mbili wakati wenzako hawajakula. Mwezi wa nne mkojo ukaanza kupungua kwenye mfuko. Mwezi wa tano tulimzika.

Katika daftari la hospitali ile, mama huyu ni mafanikio ya kiufundi. Hakuvuja damu, hakupata homa ndani ya siku 30. Kama kuna mtu ataandika makala, yumo kwenye asilimia nzuri. Na hakuna uongo hapo, hakuna mtu aliyebadilisha namba. Swali tu lilifungwa kabla ya jibu kufika.

Najua mtakachoniambia. "Ndugu, hiyo njo umaskini, si makosa ya utafiti." Nimelifikiria neno hilo sana na silikubali. Utafiti ndio unaosema kitu gani kinunuliwe. Makala ikisema kazi ni kuweka mrija, hospitali itanunua sindano, waya na mrija wa kwanza, na mfadhili atalipia mafunzo ya kuchoma. Makala ingesema kazi ni kumweka mama huyu hai na figo zinazofanya kazi kwa miezi kumi, basi mrija wa pili na wa tatu vingekuwa ndani ya bei tangu siku ya kwanza, na muuguzi mmoja wa Likasi angefundishwa kuubadilisha hapahapa badala ya kumrudisha mgonjwa kilomita 120 mpaka Lubumbashi, na malori ya madini yanayobanana kwenye barabara hiyo tunayajua wote. Kisichopimwa hakiingii kwenye bajeti. Umaskini upo, ndiyo, lakini kuna namna ya kuhesabu inayouficha.

Na si kwamba Afrika haijui kuhesabu vingine. Hapa ndipo ninapotaka vijana wa udaktari wasome maandishi ya zamani kidogo, ambayo hayana picha za kupendeza za vyumba vipya.

Kuna ugonjwa wa vivimbe vya maji unaotoka kwa mbwa na mifugo. Yai la mnyoo linaingia tumboni mwa mtu, linakwenda kwenye ini, linajenga kivimbe kinachokua miaka na miaka. Afrika ya Kaskazini inaujua vizuri. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya sehemu zilizoumizwa nao zaidi duniani. Kwa miaka mingi sheria ya vitabu ilikuwa moja: usikichome kivimbe hicho kwa sindano, maji yake yakimwagika ndani mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa mzio na kufa, au mbegu za mnyoo zikasambaa tumboni. Dawa ilikuwa kupasua tu.

Kwanza picha. Mwaka 1981 Hassen Gharbi, radiolojia wa Tunisia, pamoja na wenzake, walichapisha mpango wa kuvipanga vivimbe hivyo kwa aina 5 kufuatana na vinavyoonekana kwenye ekografia. Mpango huo ulienea dunia nzima, na jina lake bado linatajwa. Kisha sindano. Mwaka 1986 timu ya Tunisia ikatoa matokeo ya kile kilichokatazwa: kuchoma kivimbe huku wakiangalia ekografia, kuvuta maji, kuingiza dawa ya kuua mnyoo, kungoja, kuvuta tena. Walianza na wagonjwa ambao hawakuweza kupasuliwa. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo. Angalieni safari ilivyokwenda: imetoka Tunis ikaenda Geneva.

Turkana nako, AMREF ilikuwa na mradi wake tangu miaka ya 1980. Watu wanahama na mbuzi na ngamia, umeme hakuna, barabara ni mchanga. Watafiti walibeba ekografia ya kubebeka mpaka kwenye kambi za wafugaji na kuilinganisha na vipimo vya damu, ipi inawagundua wagonjwa vizuri zaidi. Ekografia ikashinda. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1987 katika Lancet.

Kinachonivuta hapo ni muda, zaidi kuliko sindano yenyewe. Ugonjwa huo unakulazimisha kungoja. Ukivuta maji leo, bado hujui kitu. Kivimbe kinaweza kujaa tena, kinaweza kukauka na kuwa kigumu, na ndiyo maana mwongozo unataka mgonjwa apewe albendazole kabla na baada, na aangaliwe tena kwa ekografia kwa miaka. Hakuna anayeweza kuandika "tumefaulu" siku ya 30, kwa sababu siku ya 30 haimaanishi chochote. Wale watu walilazimika kuandika utafiti wenye kalenda ndani yake.

Mrija wa figo pia una kalenda. Mrija wa nyongo pia. Sisi ndio tunaoifunga mapema.

Halafu kuna jambo la nyumbani kabisa, na hapa wengine mtashangaa nimelifikisha wapi. Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka hapa. Kila mtoto wa Likasi anajua maneno mawili juu ya Shinkolobwe: bomu, na Hiroshima. Nimesoma kwenye kurasa zetu hizi si chini ya maandishi kumi juu ya bomu, yote yanafanana, yote yanamalizika kwa "ulimwengu haujatushukuru". Sawa. Lakini kabla ya bomu, miaka zaidi ya ishirini, jiwe lile lilikuwa dawa. Uranium iligunduliwa pale 1915, uchimbaji ukaanza 1921, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiamu ya kwanza kutoka mawe ya Katanga. Mawe yetu yalikuwa na utajiri mkubwa sana hata viwanda vya radiamu vya Marekani vikafunga, na kwa karibu miaka kumi Union Minière ilishika soko la dunia, mpaka Kanada ilipopata yake kwenye Ziwa Great Bear. Wamarekani walipomchangia Marie Curie dolari 50,000 mwaka 1929 anunue gramu moja kwa ajili ya taasisi ya Warsaw, gramu hiyo ilinunuliwa Ubelgiji. Mjue basi ilitoka kwenye udongo gani.

Na radiamu ilitumika kwa nini hospitalini? Kwa kitu kinachofanana sana na tunachoongea. Waliitia kwenye sindano na vibomba vidogo, wakaviweka ndani ya mwili, karibu kabisa na uvimbe, bila kupasua. Ugonjwa mmoja uliotibiwa hivyo kuliko mengine mengi ulikuwa kansere ya shingo ya kizazi. Ndiyo, uleule. Stockholm, Paris, Munich, baadaye Manchester, kila mji na namna yake ya kupanga vibomba. Leo kazi hiyo inaendelea kwa vyanzo vingine vya mionzi, na inaongozwa na picha za skana na za sumaku.

Sasa sikilizeni walivyopima. Kila mji ulisema njia yake ndiyo bora, na hakuna aliyeweza kulinganisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 tume ya Shirika la Mataifa, lile la kabla ya Umoja wa Mataifa, ikawataka wakubaliane: kila mgonjwa apangwe kufuatana na ugonjwa ulipofika, na matokeo yahesabiwe baada ya miaka 5. Nani yuko hai, nani amekufa, nani hajulikani alipo. Ripoti ya kwanza ya mwaka ilitoka 1937, ikisimamiwa na James Heyman wa Stockholm. Mwanamke aliyepotea njiani hakuruhusiwa kupotea pia kwenye jedwali.

Miaka mitano, kwa simu za wakati ule na barua za posta. Na mawe yalichaguliwa kwa mikono na watu wa hapa. (Miaka ya wale waliochagua mawe, hiyo ni makala nyingine, na siku moja lazima iandikwe.) Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kumfuata mgonjwa muda mrefu ni anasa ya kompyuta, kwamba sisi tungoje kwanza mfumo wa kisasa. Fani hii ilijifunza kuhesabu miaka kwa mgonjwa wa aina ya yule mama wa Kikula, wakati dunia inatumia radiamu ya Likasi. Halafu mbinu zilivyozidi kuwa nzuri, hesabu ikafupishwa.

Kuna kundi jingine la wasomaji wangu ambalo linaandika kila mara: "Tuletewe mashine kubwa ya mishipa Likasi." Ninawaelewa. Kuna kazi ambazo ekografia haiwezi. Mama anayevuja damu baada ya kuzaa, unaweza kumziba mshipa wa kizazi kupitia pajani na kumwachia kizazi chake. Vivimbe vya kizazi vinaweza kukaushwa kwa njia hiyohiyo, na Muhimbili wameingia kwenye kazi za namna hiyo. Hapo unahitaji chumba cha eksirei inayoonyesha damu ikitembea, na waya nyingi, ambazo karibu zote zinatumika mara moja na kutupwa. Charles Dotter alipofungua mshipa wa mguu wa bibi wa miaka 82 kule Portland, Januari 1964, na kumwokoa na kukatwa mguu, hakufanya kwa ekografia. Sikatai.

Lakini tuseme ukweli. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako hapa karibu, kwenye Lufira, na bado delestaje inatukuta jioni tukipika. Mashine kubwa ikifika itataka umeme usiokatika, fundi, mkataba wa vipuri na stoo isiyoisha. Ikikosa kimoja, itakuwa kabati la gharama. Ekografia ipo hapa tayari, hata kwenye vituo vidogo, na nyingine zina betri. Dokta kijana anayeweza kuchoma usaha wa ini, kuchukua kinyama cha uvimbe, na kuweka mrija wa figo kwa ekografia tu, huyo ameshaingia kwenye fani. Tumsaidie kuwa na mirija ya kutosha. Mlango wa mashine kubwa utafunguliwa vizuri zaidi na mtu mwenye daftari la wagonjwa mia moja waliofuatwa kuliko mtu mwenye barua ya maombi.

Na hapa lawama inageuka kwetu wenyewe. Memoire za udaktari nilizosoma kwa ajili ya kusahihisha Kifaransa cha wenzangu (hiyo ndiyo kazi inayonilisha, msicheke) zinafanana sana. Kichwa kinaanza na "sura za ekografia za" ugonjwa fulani, katika hospitali fulani, kutoka mwezi fulani mpaka mwezi fulani. Ndani kuna umri, jinsia, kata anayotoka mgonjwa, na figo ngapi zilionekana zimevimba. Asilimia zinapigwa mpaka desimali mbili. Kisha hitimisho linaomba serikali iongeze vifaa. Ninauliza kila mara: hawa watu 64 wenye figo zilizovimba, walikwenda wapi baada ya ekografia? Mwandishi ananiangalia kama nimemuuliza njia ya kwenda mwezini. "Hiyo haimo kwenye fishi."

Basi iingie kwenye fishi. Namba ya simu ya mgonjwa na ya mtu mmoja wa nyumbani. Tarehe ya mrija. Tarehe mrija unapopaswa kubadilishwa, imeandikwa pia kwenye karatasi aliyopewa mama mkononi, kwa lugha anayoisoma. Simu moja kila mwezi. Aliyelipa mrija wa pili ni nani, na alilipa kwa kuuza nini. Mkojo kwenye mfuko unafika wapi asubuhi. Na kama hajibu simu, unamwandika kwamba hajibu, humfuti. Kuna maswali ya heshima hapo, bila shaka. Unampigia mtu mwenye kansere, labda anayepokea ni mume ambaye hakuambiwa ugonjwa ni upi. Lazima umwombe ruhusa mama mwenyewe kabla hajatoka hospitalini, umuulize nani aambiwe na nani asiambiwe, na ushike neno lake. Lazima pia uwe na kitu cha kumpa anapojibu kwamba mkojo umepungua, angalau jina la mtu atakayempokea kesho, la sivyo unampigia ili kumsikiliza akifa. Hilo ndilo gumu, kuliko takwimu zote.

Na mzee mmoja wa kamati ya memoire akisema kwamba daftari la simu za wamama wa Kikula si sayansi, na kwamba hakuna jarida litakaloipokea, mwonyesheni Turkana, mashine moja ya kubebeka kati ya kambi za mbuzi, Lancet, 1987.